Papa Anaclet na Gari Linalovuta kwa Magurudumu Yote

Ijumaa, tarehe 28 Juni 1991, Papa Anaclet Mushagalusa anavua ovaroli baada ya miaka ishirini na saba katika gereji yetu ya Nyawera. Mkurugenzi amenipa mimi, Gaston, kazi ya kumwandikia wasifu huu kwa kuwa nimefanya kazi kando yake muda mrefu kuliko mtu yeyote. Hakuniuliza kama naipenda kazi hiyo.

Alianza mwaka 1964 akiosha vipuri kwa petroli. Kufikia 1972 alikuwa chef, mkuu wa mafundi, na hata serikali ilipopiga marufuku majina ya Kizungu na karatasi zote zikageuka kumwita Citoyen Mushagalusa bila jina la ubatizo, wateja waliendelea kuulizia Papa Anaclet mlangoni, huku mimi nimesimama palepale na mikono mitupu. Hilo nimelizoea.

Hula sambaza, vile visamaki vya ziwani, na mkate saa nne kamili. Huimba tenor katika kwaya ya parokia, ingawa sauti ya tenor hana, na maman Eulalie, mkewe, ndiye pekee anayemwambia.

Lakini sifa yake kubwa ni gari. Mwaka 1983 wafanyabiashara walilalamika: gari dogo la kawaida lilizama kwenye tope la njia ya Shabunda, na jeep haikununulika. Papa Anaclet alichukua bodi ya gari la milango minne lililopata ajali, akalitia boîte, sanduku la gia, ya jeep iliyokufa, akaichokonoa mota mpaka ikawa na nguvu maradufu. Kisha akaunda mhimili mrefu wa kupeleka nguvu nyuma, ili magurudumu yote manne yavute. Ulikatika mara tatu. Mara ya nne tuliugawa vipande viwili na kuweka kiungo katikati. Wazo hilo lilikuwa langu, na ninaliandika hapa kwa kuwa halijaandikwa popote.

Kazi ilichukua miezi kumi na minne. Gari lilipanda milima bila kuteleza, na kwenye njia ya Lwiro liliacha gari la mkurugenzi kwenye vumbi. Bei yake haikufika nusu ya jeep. Tumeunda kumi na moja. Maman Marcelline, muuza vitenge, alinunua la kwanza, na mpaka leo anasema: "Anaclet yangu iko napanda kama mbuzi." Ndivyo mji wote unavyoliita gari lile. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema vidole vingine vijisikieje.

Niseme basi lililonikaa moyoni. Gerejini kwetu kuna desturi: fundi aliyefunga boulon, zile bolti, ndiye anayepanda siku ya majaribio, ili kazi yake ikiua, isimwache yeye. Boulon za mhimili nilizifunga mimi. Asubuhi ya kulijaribu gari la kwanza mkurugenzi alimsifu Anaclet mbele ya wote bila kunitaja, nami nikakataa kupanda. Nilisema tumbo linaniuma. Nilijua bila mimi gari halitoki, na nilitaka lisitoke.

Papa Anaclet aliniangalia, akasema taratibu: "Gaston, kama haupande, nafungua zote, nafunga miye mwenyewe."

Akalala chini ya gari. Boulon ishirini na nne, moja moja, mpaka saa sita, nami nimekaa juu ya tairi nikimtazama. Alipomaliza alifungua mlango wa upande wa abiria, akangoja kidogo, akaufunga, akaondoka peke yake. Soko zima lilimshangilia aliporudi, na lilimwona yeye tu.

Miaka saba nimemwonea wivu kwa kiti nilichokikataa mwenyewe.

Asante kwa kazi, Papa Anaclet, na asante kwa kuufungua ule mlango. Wewe na maman Eulalie muishi vema huko Walungu mnakohamia, kwa afya na amani. Tumbo halikuwa likiniuma.