Mama Zipora, Aliyeifundisha Kompyuta Kunyamaza

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Zipora Nahimana anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya barafu hapa Rumonge kwa miaka ishirini na miwili. Wengine watamkumbuka kwa kicheko chake, ambacho husikika hadi vyumba vya baridi. Sisi wa chumba cha kompyuta tutamkumbuka kwa ukimya.

Nieleze. Alipoajiriwa, akiwa amerejea kutoka Tanzania alikokulia ukimbizini, alikuta kompyuta kubwa kama kabati la nguo la bibi harusi, inayounganisha matawi yetu ya mwambao, kama Magara na Muhuta, kwa laini za mawasiliano. Kompyuta ile haikuwa na siri. Ilitangaza kila kitu kwenye skrini: laini ya Magara imefunguka, laini ya Magara bado imefunguka, laini ya Magara ingali imefunguka. Waendeshaji walishaacha kuisoma. Josias, mwenzetu kutoka Uvira, alikuwa akitundika koti lake juu ya skrini.

Mama Zipora akapewa kazi ya kuamua ujumbe upi umfikie mwendeshaji, upi uhifadhiwe kimya kimya ndani ya mashine, na upi uzuiwe kabisa. Kipimo chake kilikuwa kimoja: je, mtu akiusoma atainuka kwenye kiti? Kama hainuki, ujumbe haupiti. Josias akaivua skrini koti lake.

Matata yalianza siku ya ugeni. Mkurugenzi wetu, Bwana Hyacinthe, alitaka wageni waone skrini safi. Asubuhi alisimama mlangoni akasema, "Mama Zipora, funga meseji zote. Sitaki hata moja."

"Hata za hatari, Bwana Diregita?"

"Leo hakuna hatari. Leo iko wageni."

Akafunga. Skrini ikawa safi, wageni wakapiga makofi. Mmoja aliuliza kama imewashwa.

Huko Magara, Mwavita wa tawi letu aliagiza barafu kwa kompyuta yake kama kawaida. Ujumbe wa kumwambia kwamba oda imepokelewa ulikuwa umezuiwa pamoja na mwingine wote. Alipoona kimya, akaagiza tena. Na tena. Kumbe oda zote zilifika, na malori yakatoka kiwandani yakifuatana kama msafara wa arusi. Wakati huohuo laini ya Muhuta ilikatika bila mtu kujua, oda za huko hazikufika, na wavuvi wakabaki na samaki wao wa mukeke juani, hawana hata kipande cha barafu.

Simu ya Mwavita ilimkuta Bwana Hyacinthe katikati ya hotuba. Sauti ya Mwavita ilijaa ukumbini kupitia kipaza sauti: "Patron, iko barafu mingi! Nimeshaweka mpaka mu saluni ya Riziki, anasema wateja wanaganda kichwa!"

Mama Zipora hakungoja amri. Alifungua ujumbe wa aina mbili tu: wa oda, na wa laini zilizokatika. Wa Muhuta ukajitokeza papo hapo, mwekundu.

"Josias, pigia madereva," alisema. "Walioko Magara wasishushe tena. Waendelee mpaka Muhuta, mbio!"

Samaki wa Muhuta wakaokoka. Wateja wa Riziki nao, baada ya chai ya moto.

Kwa majuto, Bwana Hyacinthe aliamua kwamba kuanzia hapo ujumbe wote wa mashine uje kwenye simu yake mwenyewe. Mama Zipora akatii tena, uso umemkauka kabisa. Jumapili, wakati wa sala ya kimya, simu ilitetemeka juu ya benchi hadi ikatembea, ikapita waumini wawili na kuanguka miguuni pa mzee wa kanisa. Jumatatu mkurugenzi alikuja mwenyewe chumbani kwetu, kofia mkononi.

"Mama, chagua wewe," alisema, kisha akamshukuru kwa Kirundi: "Murakoze."

Tangu hapo hakuna aliyemwingilia, na waendeshaji wote tulionao leo, mimi nikiwemo, ni wanafunzi wake.

Wiki iliyopita alimkabidhi kazi Fabiola, mwenye bidii nyingi na wasiwasi mwingi zaidi. Fabiola akauliza afanye nini siku mashine itakapompigia kelele akiwa peke yake.

"Soma mpaka mwisho kwanza, binti yangu," alijibu Mama Zipora, akichukua mkoba wake. "Halafu ndiyo uogope."

Mama Zipora, tunakushukuru kwa moyo wote. Kapumzike, ulale mchana upendavyo, na maisha yakutendee wema kama ulivyotutendea sisi. Amahoro, amani iwe nawe.