Mgeni wa Mlango wa Uani

Nitegulie hiki, mjukuu wangu: mgeni gani huingia kwa mlango wa uani, ana taa na jicho moja? Ni ule mpira wa daktari wa kuchungulia utumbo, na ndio uliomnyima raha fundi viatu ndani ya basi, maana alikuwa akiona damu chooni.

"Mara ya kwanza niliumia mpaka wakaacha," alimwambia mama asiyemjua aliyeketi naye.

"Ulikataa sindano ya kusinzia, baba? Mimi walinichoma, nikawa nawasikia kwa mbali tu. Nilipozinduka nikawauliza wanaanza saa ngapi."

Fundi akacheka kidogo, cheko la mtu aliyebanwa. "Hawamchomi aliyekuja peke yake. Lazima awepo wa kumrudisha nyumbani."

"Basi leo nani anakurudisha?"

Fundi akageukia dirisha.

"Mwanamume mzima, umekosa hata jirani?" mama akamtania.

Basi likasimama kwenye lango la hospitali. Fundi akainuka taratibu, mkono tumboni.

"Hakuna, mama," akasema. "Mke wangu nilimzika kwa ugonjwa huu huu, na watoto nimewaambia nakwenda kununua ngozi ya viatu."