Irine Sifael Mbwambo, Mtunza Vinasaba wa Ukoo Wetu

Marehemu Irine alizaliwa hapa Mbaga, wilayani Same, tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa kwanza wa Mzee Sifael Mbwambo na Mama Priska. Mimi Asheri, mdogo wake, nimepewa kusoma haya kwa sababu wengine wamesema watalia. Nami sijaahidi kitu.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini, kisha sekondari mjini Same. Mwaka 1996, akiwa kidato cha tatu, baba alianguka kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, wakizibua mfereji, akafariki palepale. Shangazi yetu alikuwa ameondoka vivyo hivyo. Watu wakasema ukoo umerogwa. Irine akauliza, "Mbona uchawi wenyewe unafuata damu tu, wakwe unawaacha?" Aligombezwa sana, lakini swali lake alikwenda nalo hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 2003.

Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa na shemeji yetu Edgar Msuya wa Usangi, ambaye mpaka leo tunamtania kwamba kavuka wilaya kufuata makande. Mwaka 2007 Mungu aliwajalia binti, Agape.

Kuanzia mwaka 2012 alifanya kazi Arusha, katika kituo cha utafiti wa magonjwa ya kurithi, akihifadhi taarifa za vinasaba. Taarifa za mtu mmoja tu huweza kujaza diski nzima. Kwa kuwa binadamu tunafanana karibu kila mahali, Irine aliandika tu pale mtu anapotofautiana na kielelezo cha kulinganishia, na mzigo ukapungua bila kitu kupotea. Wenzake walicheka kwamba kazi ya kubana nafasi imempata Mpare, sisi tunaosemwa kwa ubahili. "Nabana, situpi," aliwajibu. Vipande visivyolingana na kielelezo popote, ambavyo wengine walitaka vifutwe, yeye alivitunza. Alisema huenda hivyo ndivyo vya kwetu.

Mwaka 2018 alikuja nyumbani, sote tukatema mate kwenye vichupa vyake. Alituambia wataalamu wanawaza kutengeneza kromosomu ya bandia ya kumwekea mtoto kabla hajazaliwa, ibebe kinasaba kisicho na kasoro bila kugusa zile tulizozaliwa nazo.

"Sasa huyo mtoto atakuwa wa ukoo gani?" aliuliza baba mdogo Yusto.

Tulicheka, Irine hakucheka. "Wa kwetu tu, baba mdogo. Ila ikirithiwa hadi kwa wajukuu zake, wao tutakuwa tumewauliza lini?"

Hakuipinga elimu hiyo. Alichohofia ni haraka ya watu.

Majibu yalionyesha kasoro ya moyo inayorithiwa. Mimi sina. Irine alikuwa nayo. Ya Agape, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, aliyafungia kwa nywila bila kuyasoma. Kila mwaka alimpeleka hospitali kupimwa moyo. "Hilo ni langu mimi mama yake," alisema. "Kujua alichorithi ni kwake, akishakuwa mtu mzima."

Moyo wake ulianza kumsumbua mwaka jana. Alilazwa Moshi mwezi Agosti mwaka huu, na huko akamkabidhi Agape nywila ile. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025. Tumeumia, na hatuna neno zuri la kufunika maumivu hayo.

Juzi, kwenye kikao cha msiba, baba mdogo alitaka faili la Agape lifunguliwe kabla ya maziko, ukoo ujue wa kumwombea. Agape alisimama.

"Shikamoo, babu. Mama aliishi na faili hilo miaka saba, na hofu yote ile, hakulifungua. Mimi sijawa tayari. Niombeeni hivihivi."

Baba mdogo akasema, "Marahaba, mwanangu. Kaa."

Irine ameacha mama mzazi, mume, mdogo wake mmoja, na binti wa miaka kumi na minane ambaye hatutamuuliza kitu mpaka aseme mwenyewe.

Lala salama, dada. Hakuna aliyefungua.