Je, Magloire Alipiga Jazz?

Mashahidi wote wanakubaliana kwamba Jumamosi ile, saa tano asubuhi, benchi la nje ya duka la Hemal, hapa Kilburn, London, lilikuwa na watu watatu na chupa moja ya kahawa. Wanakubaliana pia kwamba kesho yake Magloire, ambaye wenzake wa benchi walimwita Solo kwa ajili ya gitaa lake, alitarajiwa kuwapigia gitaa wazee wa makao anakofanya kazi nesi Peris, na kwamba ni Peris mwenyewe aliyemhakikishia mpangaji wa burudani pale makaoni, Shiku, kuwa jirani yake alikaa miaka kumi na mmoja katika bendi ya jazz huko Uvira. Shiku akawaahidi wazee jazz ya Kimarekani. Ubishi ulianzia hapo. Griffins, aliyesomea sheria Nairobi na ambaye benchi lilimwita Wakili ingawa hakuwahi kusimama mahakamani, alishusha kikombe chake.

— Solo, bendi yenu iliitwaje?

— Kalundu Jazz, — Magloire alijibu.

— Na mlipiga jazz?

— Jina ilikuwa jazz, Wakili. Muziki ilikuwa rumba. Kwetu bendi yote yenye gitaa njo jazz.

— Umenimaliza! — Peris alidakia. — Nimeweka jina langu pale. Meneja ataniita mwongo.

Hemal, mzaliwa wa Mombasa, alichungulia mlangoni na katoni ya ndizi mikononi.

— Msimwonee. Neno ni letu. Baharia wa Mombasa alifika New Orleans, akakuta bendi imepooza, akapiga kelele: "Jaza! Jaza!" Wamarekani wakashindwa kulimaliza, wakabaki na "jaz".

— Ushahidi?

— Babu yangu alimuuzia viatu.

— Huyo baharia?

— Binamu yake.

Griffins alivuta pumzi.

— Tuache neno, tushike tendo. Bendi za gwaride zilifuata karatasi za noti. Wanajazz waliichukua melodi ileile, wakaivunja na kuiunda upya mbele ya watu, kila mmoja kwa zamu yake. Sisemi wao ndio wa kwanza duniani kubuni papo hapo. Nasema waliuweka ubunifu huo katikati, na muziki mwingi wa Marekani uliofuata umechota humo. Sasa, Solo: ile sebene, pale gitaa lako linapoachiwa uwanja, uliipiga ileile kila wiki?

— Ileile? Watu wangerudi kwao! Siku ingine mupiga besi ananipoteza, miye namufuata, tunatokea kusiko mutu alijua.

— Si hiyo ndiyo jazz? — Peris aliruka.

— Inafanana. Kufanana hakutoshi.

— Basi Wamarekani walijifunzia Uvira! — Hemal alitangaza.

— Tarehe, Hemal.

— Tarehe ni mambo ya polisi.

Hapo ndipo Shiku mwenyewe alipofika, bango mkononi, akielekea kulichapisha. Alikuwa amewasikia tangu kituo cha basi.

— Neno "jazz" nilikate au nilibakize?

— Kwa tafsiri finyu… — Griffins alianza.

— Wakili, nijibu moja tu. Yule wa kwanza kabisa kupiga hivyo, kabla jina halijakuwepo: angeulizwa kama anapiga jazz, angesemaje?

Peris aliitazama kalamu ya Shiku, ambayo sasa ilikuwa juu ya neno lenyewe.

Ewe msikilizaji, ushahidi umeusikia wote, na jina la Peris limo ndani yake. Neno "jazz" likatwe?