Macho ya Mzee Anyona

Katika teksi ya Nyamache, Mokeira alikaa nyuma akichekea ndani ya barakoa. Mbele, Sabir muuza mitumba alikuwa amembana dereva, Mzee Anyona. “Mzee, kwa umri wako ungepimwa macho kwanza ndipo uongezewe leseni.”

“Niende hospitali nishikwe na korona, eti nisomeshwe herufi ukutani? Barabara hii naijua tangu kabla mama yako hajaolewa!”

“Na hiyo miwani imejaa ukungu?”

“Ukungu ni wa barakoa. Macho ni yangu!”

Hapo akakanyaga breki, akashusha kioo. “Mama, panda haraka, bado nafasi moja!”

Mokeira akasogea, akachungulia nje. Kando ya barabara, mgomba ukawapungia jani tena.