Safu ya Mtu wa Karibu

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, na lina tabia yake: wa upande mmoja akiinuka ghafla, wa upande wa pili anakwenda chini na kikombe chake. Hapo ndipo Mama Kahawa hutua birika kila Jumamosi alasiri, na wanaokaa ni wale wale. Yupo Wembe, kinyozi mwenyewe, mtu wa kuacha kichwa cha mteja nusu ili aje kubisha. Yupo Gia Kubwa, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye hata siri huitoa kwa sauti ya kupanda mlima. Na yupo Faili, karani wa masjala ya hospitali, miaka hamsini na miwili, aliyejitosa chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili ya hifadhidata pamoja na vijana ambao angeweza kuwazaa. Walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Siku hiyo alikuja na karatasi mapajani, na kahawa aliyomiminiwa ikawa inapoa hajaigusa.

— We Faili, hiyo kahawa unainywa au unaisomea? akauliza Gia Kubwa.

— Jumanne natetea kazi yangu mbele ya walimu watatu. Mara ya pili hii. Nikianguka, hakuna ya tatu. Miaka miwili yote imekwenda na maji.

— Kazi ipi tena?

— Hifadhidata ya wagonjwa! Nimewaeleza mara ngapi?

— Tueleze tena, akasema Wembe, huku akikung'uta nywele za mteja kwenye aproni. Vichwa vyetu hivi vina vumbi.

Faili akashusha pumzi. Kusema kweli alipenda kuulizwa, maana nyumbani hakuna wa kumuuliza.

— Ni majedwali. Moja la wagonjwa, lingine la watu wao wa karibu. Kila mtu anaandikwa mara moja tu, mstari mmoja, na kila mstari una ufunguo wake. Ni namba isiyofanana na ya mwingine. Mgonjwa akimtaja mtu wake, hatuandiki jina upya. Tunaweka ule ufunguo, unatuelekeza kwenye mstari wa yule mtu.

— Namba ya nini? Jina halitoshi?

— Majina yanafanana, Wembe.

— Basi tumieni kichogo! Haki ya nani, miaka ishirini nashika vichwa vya watu, sijaona vichogo viwili sawa. Mgonjwa akifika anageuka, anapigwa picha, imekwisha hiyo.

— Na mwenye bandeji kichwani?

— Anangoja ipone.

— Toka hapa! akanguruma Gia Kubwa. Mtu apewe pleti kama gari, mbele na nyuma. Akianguka barabarani unasoma tu.

— Ya nyuma mtaibandika wapi, mzee wangu? akauliza Mama Kahawa bila kuinua macho.

Hapo hata Faili alicheka. Kisha akakunjua karatasi ya juu, akawaonyesha mahali mwalimu wake alipoandika kwa wino mwekundu: "Safu ya mtu wa karibu umeiruhusu ibaki tupu. Kwa nini? Tetea au rekebisha."

— Rekebisha! akasema Gia Kubwa. Kwani ni kazi kubwa?

— Nusu dakika. Naiwekea sharti kwamba lazima ijazwe.

— Liweke basi, tunywe kahawa kwa amani.

— Nikiliweka, mtu asiye na wa kumtaja anakataliwa na mfumo. Hasajiliwi. Nipo pale dirishani miaka kumi na tisa, nawaona. Ukifika swali hilo wanaanza kutafuta kitu mfukoni.

— Acha kutia chumvi, akasema Gia Kubwa. Hakuna mtu wa hivyo duniani. Kila mtu ana mtu.

— Na kama hana?

— Aandike mwenye nyumba, akadakia Wembe. Yule hata ukifa atakutafuta, anataka chumba chake.

— Mwenye nyumba si ndugu! Hapo serikali iingie kati, akasema Gia Kubwa. Iajiri watu wa karibu, wakae kwa zamu kama walinzi. Wiki hii wewe ni mtu wa karibu wa mtaa huu, wiki ijayo mwenzako. Wapewe na sare.

— Sare za nini? Mnahangaika bure! Wembe alikuwa amesimama sasa, kitana mkononi. Mtu ajiandike mwenyewe! Si ana ufunguo wake? Basi uelekee kwake mwenyewe. Safu imejaa, mwalimu ameridhika.

— Akizimia je? Tumpigie simu yeye mwenyewe?

— Akipokea, ujue amepona.

Gia Kubwa alicheka mpaka ubao ukatikisika. Mama Kahawa akajifuta macho kwa kanga. Faili hakucheka, akainamisha uso kwenye karatasi.

Asubuhi ile alikuwa ameujaribu mfumo wake kwa taarifa za kweli, akaanza na kadi yake mwenyewe ya hospitali. Mtu wa karibu: mke wangu. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita, na karani mzima wa masjala hajawahi kuigusa kadi yake akarekebisha. Marehemu hawamo kwenye jedwali la pili, hiyo ndiyo kanuni aliyoiweka yeye mwenyewe, kwa hiyo mfumo ukamkatalia: ufunguo ulielekea kwenye mstari ambao haupo. Mstari wenye ufunguo unaoelekea kusiko na kitu darasani wanauita yatima. Siku walipofundishwa, vijana waliandika na kuendelea. Yeye alitoka nje kunywa maji.

Na lile wazo la Wembe la kujiandika mwenyewe, alikwisha kulijaribu. Alijiingiza kwenye jedwali la pili, na mfumo ukaukubali ufunguo wake mwenyewe bila kinyongo. Akaona aibu, akaufuta haraka ingawa chumbani hapakuwa na mtu wa kumwona.

Hayo yote kijiwe hakikuyajua. Alianza kuja pale baada ya msiba, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno, na hakuna aliyemuuliza ametokea wapi. Wakati ule alishukuru kutoulizwa.

Pikipiki ikasimama mbele yao. Aliyeiendesha alikuwa dada mmoja wa kusambaza vifurushi, kofia ngumu kichwani, kifurushi kwapani.

— Shikamooni wakubwa. Kuna mtu namtafuta. Ameelekeza nimkute hapa kwenye kahawa.

Akasoma majina matatu kwenye kifurushi.

— Hapa hakuna mtu huyo, akasema Gia Kubwa papo hapo.

— Simjui, akasema Wembe. Labda kwa mafundi viatu, ng'ambo pale.

Mama Kahawa naye akatikisa kichwa.

Faili alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Akaufunga. Lilikuwa jina lake, yote matatu, hata la babu yake, na alitaka kusikia kama yupo atakayelijua.

— Simu yake haipatikani, akaendelea yule dada. Na kwenye fomu, pale pa mtu wa kumpokelea asipokuwepo, ameacha wazi. Sasa nimwachie nani? Kwani mtu wake ni nani?

Wembe akatazama kitana chake. Gia Kubwa akakuna kidevu.

— Maskini, akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. Kumbe wapo kweli.

— Ni mimi, akasema Faili.

— Wewe? Wembe akamkodolea macho. Miaka mitatu nakunyoa!

— Hukuniuliza. Samahani dada, simu nimeizima, nilikuwa nasoma.

Akatia sahihi. Ndani ya kifurushi mlikuwa na kitabu cha hifadhidata alichoagiza, kimetumika, jalada limelegea.

— Na hapa palipo wazi, mzee? Pabaki hivi hivi?

Faili akapatazama.

— Pabaki.

Pikipiki ikaondoka.

— Sasa tukuite hilo jina? Wembe akauliza.

— Hapana. Niiteni Faili tu, nimezoea.

Mama Kahawa akatikisa birika, akaliinamisha, likatoa mashapo tu.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Wembe akarudi kwa mteja wake wa nusu kichwa. Gia Kubwa akataka kuinuka, akasita, akaukandamiza ubao kwa kiganja.

— Nainuka, Faili. Shikilia.

Hakuwahi kumwambia hivyo. Faili akashikilia, akabaki peke yake katikati ya benchi. Akanywa kahawa yake baridi yote, akachukua kalamu, na chini ya ule wino mwekundu akaandika: "Safu ibaki wazi. Wapo wagonjwa wasio na wa kumtaja, na ni lazima wasajiliwe. Mimi ni mmoja wao."