Mzee Gunzi Anatuachia Pipa la Kuoshea

Mzee Gunzi amefanya kazi kiwandani hapa miaka ishirini na sita, na Ijumaa hii, tarehe thelathini, anastaafu. Nimeambiwa niandike mimi kwa sababu ndimi ninayebaki kwenye chumba chake cha kuchemshia. Kalamu na mimi hatujuani sana, mtanivumilia.

Alianza kwa kushusha magunzi ya mahindi kwenye lori. Akahamia mashine ya kusaga, akapanda taratibu mpaka akawa msimamizi wa chumba. Jina lake la kwenye kitambulisho wengi hatulijui, na hatujawahi kulihitaji.

Kwa wageni wa sherehe ambao hawajui tunachofanya: kwenye gunzi sisi tunatoa hemiselulosi. Mzee huwa anasema ni kama kukamua nazi. Gunzi linasagwa, linalowekwa kwenye maji ya moto yenye soda kali, ile ya kutengenezea sabuni. Maji yanageuka rangi ya chai isiyotiwa maziwa. Tunachuja, na hilo ndilo tui letu. Tunalitia asidi kidogo, halafu tunamimina spiriti, na kitu cheupe, ndiyo hemiselulosi yenyewe, kinaanza kujikusanya ndani kama wingu. Kikikaushwa kinakuwa unga, na wanunuzi wanautumia kutengeneza utando wa kupaka matunda yasioze upesi. Kile kinachobaki kwenye kitambaa tunakiita machicha.

Wingu lile Mzee hajalichoka. Mpaka wiki iliyopita, likianza tu kutokea, anaita watu, "Njooni, njooni, limekuja!" kama amepata mjukuu.

Lakini kazi yake kubwa ni ya machicha.

Zamani machicha yote yalikuwa yanaingia kwenye boila yetu. Magunzi tuliyazoa nyumba kwa nyumba, tukiyaita taka, na tukajiona tunasaidia watu kufagia. Mpaka siku Mzee alipokwenda ukweni akakuta jiko limepoa mchana kweupe. Mama mkwe wake akamwambia kwa upole, "Baba, hizo taka mlizobeba ndizo zilikuwa zinanipikia. Leo karibu maji." Mzee akanywa maji. Anasema hajawahi kumeza maji mazito kama yale.

Akarudi kazini akaomba machicha yakandamizwe yawe vitofali vya kupikia, warudishiwe akina mama. Wakubwa wakakubali, boila ikahamia kwenye maranda ya mbao. Kiroba cha kwanza alikibeba mwenyewe mpaka ukweni, kifua mbele.

Hapo ndipo alipoteleza. Vitofali viliwaka vizuri sana. Ila mama akachota majivu, kama afanyavyo siku zote, akasugulia sufuria. Soda ilikuwa bado imo. Sufuria ikaliwa, ikawa kama imetafunwa, na viganja vya mama vikababuka.

Mzee hakumtupia mtu lawama. Nyumbani mke wake alinyamaza siku nyingi, na waliooa wanajua kimya kile kina uzito gani. Sufuria aliiomba, akaitundika ukutani, pale lilipo sasa pipa la kuoshea. Mliokuwa mnadhani ni pambo, sasa mmejua.

Dada wa maabara, yule mwenye miwani, ndiye aliyemweleza kwamba kukamua peke yake hakuondoi soda. Wakaanza pamoja: osha, kamua, osha tena, dada apime. Maji ya kwanza wakayarudisha kwenye pipa la kulowekea, soda isipotee. Kazi ikaongezeka, sisi vijana tukanung'unika kwamba machicha yanaogeshwa kuliko mtoto mchanga. Mzee akasema, "Mtoto mchanga hatumiki kusugulia sufuria."

Mama mkwe lakini alikuwa ameshakataa. Msimu mzima alipikia vijiti vya kuokota. Mzee akipeleka kiroba anakiweka mlangoni, akirudi anakikuta palepale. Tukimuuliza, "Vipi ukweni?" anajibu, "Bado." Siku dada aliporidhika na vipimo vyake, Mzee akaenda na majivu ya vitofali vipya. Akachuchumaa uani, mkwe mzima na shati lake la kutokea, akasugua sufuria za mama kwa mikono mitupu. Moja, nyingine, nyingine. Mama akamshika viganja, akavigeuza, akavitazama. Akasema, "Haya baba, basi, utazimaliza kwa kusugua." Siku hiyo hakunywa maji. Alipikiwa.

Wiki hii meneja mpya ameuliza kama lazima tuendelee kuosha vile, maana maji yanakwenda mengi na hakuna anayelalamika. Si vibaya kuuliza. Mama mkwe naye, mzee sana sasa, ametuma swali lake: "Huyo anayebaki kwenye pipa, naye ana mama mkwe?" Chumba kizima kilicheka. Mimi nilishindwa kucheka, kwa sababu bado sijaoa.

Lakini mama ninaye. Vitofali hivyo ndivyo anavyopikia, na majivu yake ndiyo anayosugulia. Nilimwambia meneja hivyo hivyo. Sauti haikuwa kubwa, ila alisikia. Akaitazama sufuria ukutani, akasema tuendelee.

Kwa hiyo Mzee, pumzika. Tutaosha mpaka maji yaache kuteleza vidoleni kwa soda, kama ulivyotuonyesha. Ahsante kwa kutufundisha kwamba kabla ya kuita kitu taka, uliza kwanza nani anakitumia. Tunakuombea afya, mama watoto asikunyamazie tena, na kila ukienda ukweni ukute jiko lina moto.